Mbegu Zilizojitenga Njiani Kwenda Manyatta

Mama Kinya amesema niwaandikie kwa sababu kusema kumenishinda. Mnakumbuka siku ya kuniaga. Nilisimama mbele yenu pale kitaluni kwake Kinoru, Meru, nyinyi mmekaa juu ya magunia ya mbolea, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi yakatoroka. Nikasema, "Haya, basi," nikaketi. Mmoja wenu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Simlaumu.

Kwa hivyo naandika. Naandika polepole, maana shule niliishia darasa la nane, na herufi zangu bado ni kubwa kama za mtoto. Msidhani mimi ni mzee, mvi sina. Lakini kazi ya kupanda nyasi nimestaafu kabisa. Kifua changu kimekataa vumbi la mbegu, na daktari ameniambia nichague kimoja, nyasi au pumzi. Sasa nachuma majani chai nyumbani kwetu, na nyinyi mmeshika reki yangu.

Jambo la kwanza mtakalopambana nalo katika kazi hii ni aibu, hata kabla ya udongo. Huku kwetu nyasi ni chakula cha ng'ombe. Watu huzikata kando ya barabara, huzibeba kwa mgongo, huzigombania wakati wa kiangazi. Ukisema unalipwa kupanda nyasi ambazo hakuna mnyama atakayezionja, watu hukutazama kama umeugua. Mjomba wangu alinishika siku moja nje ya kanisa, wazee wenzake wakisikiliza.

"Ati siku hizi unapanda nini?"

"Nyasi."

"Ya ng'ombe?"

"Hapana, mjomba. Ya nyumba."

"Nyumba inakula nyasi?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akatoa kofia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo nikiulizwa kazi nasema "mambo ya kilimo", na mama yangu naye kanisani husema hivyo hivyo. Nyinyi msifanye hivyo. Semeni tu nyasi. Watacheka, halafu wataanza kuuliza bei.

Nilipoanza, hatukujua habari ya mbegu sana. Tulipanda vipande vya mizizi. Unakwenda mahali nyasi zimeshika vizuri, unang'oa, unajaza gunia, unabeba, unapanda kipande kimoja kimoja ukiwa umepiga magoti mpaka jioni. Mama Kinya ndiye aliyeanza kuleta mbegu za kuchanganya. Mwanzoni nilidhani anatafuta njia ya kutupunguzia kazi. Kumbe mbegu zina kazi yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla hujashika jembe.

Mteja akifika, msimuulize anataka nyasi gani. Atawaambia anataka ile aliyoiona kwa hoteli. Muulizeni jua linapita wapi kwake. Muulizeni kama kuna miti, kama watoto wanacheza mpira, kama kuku wanafungiwa, na nani atanyunyiza maji mwezi wa Februari. Muulizeni anaishi upande gani. Mtu wa kule juu karibu na msitu na mtu anayeteremka kuelekea Mbeere hawawezi kupewa mfuko mmoja. Huko chini kwenye joto mbegu za baridi hukauka kabla mwenyewe hajapiga picha.

Katika mfuko wa nyanda zetu za juu huwa tunachanganya aina tatu. Ya kwanza ni rai. Mbegu yake ni ndefu na nyepesi, kama mpunga mwembamba. Hii ina haraka. Ndani ya wiki imechungulia, na hushika udongo mvua isije ikaubeba. Lakini haidumu, kiangazi kikali huichosha. Ya pili ni kikuyu, ile mnayoijua, ya kutambaa. Mbegu yake ni ndogo na nzito, huteleza katikati ya vidole. Hii huchelewa mpaka mteja anaanza kukupigia simu kwa hasira, lakini ikishika haitoki. Ya tatu ni ile nyembamba ya kivulini, tunayoitia kidogo kwa ajili ya chini ya miti kama mparachichi na mukima. Rai hulinda mahali, kikuyu huja kukaa. Ukiweka rai peke yake, utasifiwa mwezi mmoja. Ukiweka kikuyu peke yake, utatukanwa mwezi mmoja. Ndiyo sababu tunachanganya.

Mbolea iwe imeiva. Hili nililijua kwa njia mbaya. Palepale Kinoru, kwa mwalimu mmoja, nilimwaga mbolea mbichi kutoka kwa boma la mbuzi, nikaichimbia vizuri, nikapanda nikijisifu moyoni. Niliporudi kuangalia, nyasi hazikuonekana. Palikuwa na terere kutoka mlangoni hadi kwenye geti, terere laini, nzuri, kila mahali. Mke wa mwalimu alikuwa ameinama katikati na sufuria.

"Kijana, mzee wangu alikulipa ya nyasi, wewe umenipandia mboga," alisema. "Ngoja kwanza nichume, ndio ung'oe."

Nilisimama na reki nikimngoja achume. Majirani wawili wakaja na mifuko yao. Nilitamani udongo unimeze, na Mama Kinya aliposikia akasema, "Terere imekuambia ukweli. Hiyo mbolea ilikuwa bado inaishi." Basi ingizeni mkono ndani ya mbolea. Ikiwa na joto, iacheni. Ikinuka kama udongo wa msituni, iko tayari. Na mkishaichimbia, mwagieni maji, mngoje magugu yachungulie, muyaparure, ndipo mpande. Mteja atalalamika kwamba mnachelewa. Mwacheni alalamike.

Hiyo ya terere huwa nawasimulia watu, na wao hucheka, na mimi hucheka. Ya Manyatta sijawahi kuisimulia nikacheka.

Mama Njeru wa kule Manyatta, upande wa Embu, ni mjane. Ana wana wawili, Njeru mkubwa na Ireri mdogo, wote wameoa, na wote wamejenga kwenye uwanja mmoja wa baba yao, nyumba zikitazamana. Nyumba ya mama iko juu kidogo, mlango wake ukitazama zote mbili. Baba alipokufa, hao wawili walikosana juu ya mahali mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Ireri akapanda ua wa kayaba katikati ya uwanja. Kayaba mnaijua, miiba yake hata mbuzi huiheshimu. Ua ukakua, ukapita vichwa vya watu. Watoto wa nyumba mbili wakawa wanaitana bila kuonana.

Kisha, kwa kuomba na kulia kwa mama yao, na wazee wa kanisa kuingia kati, wakakubali kuung'oa. Ireri aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Nilipofika kupima uwanja, bado alikuwa na alama za miiba mpaka kwenye viwiko. Mama Njeru alitaka nyasi zipandwe pale ua ulipokuwa, halafu aite kanisa kwa maombi ya shukrani.

Alinishika mkono akanipeleka mlangoni pake. "Kijana yangu, nataka nyasi moja. Nikikaa hapa niangalie, nisione mahali huyu ameishia na huyu ameanzia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Usiniletee ingine. Moja."

Nilielewa kabisa. Nawaambia hivyo ili msidhani nilipuuza.

Mama Kinya alinifungia mbegu kwenye mfuko mrefu, amezichanganya yeye mwenyewe. Akaniambia, kama alivyokuwa akiniambia kila safari, "Ukifika, mwaga yote juu ya gunia, ukoroge tena na mchanga. Gawanya mara mbili. Fungu moja urushe ukienda, fungu lingine urushe ukikata ile njia ya kwanza." Nikaitikia. Nikabeba mfuko kutoka Meru hadi Embu, na Embu nikapanda bodaboda. Mwenye bodaboda alikuwa na shavu limejaa majani ya mugũka ya kutafuna na hakuamini breki. Alisimamisha mfuko wangu juu ya tangi la mafuta, mbele yake, na kila tuta tulilolipita mfuko uliruka ukarudi. Tulipoacha lami, barabara ya kwenda kwao ilikuwa mashimo mpaka kwa geti. Mimi nilikuwa nashika kofia.

Wakati naingia, mawingu yalikuwa yameshuka mlimani. Njeru alikuwa amesimama uwanjani na watu wengine wachache waliokuja kutazama mtu anayepanda nyasi. Nikatandika gunia chini, nikaanza kufungua mfuko niumwage.

"Unafanya nini?" Njeru akauliza.

"Nataka kuchanganya."

"Si imechanganywa huko Meru?"

"Ndiyo, imechanganywa."

"Sasa unachanganya nini tena? Ni uji? Rusha, bwana, mvua ndio hiyo!"

Watu wakacheka. Nikahisi masikio yakipata moto. Nilijua la kumjibu. Nililijua lote, lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi watu wakinitazama huwa nafanya chochote kile kitakachowafanya waache kunitazama. Nikakunja gunia. Nikajaza karai kutoka juu ya mfuko, nikaanzia mlangoni kwa Njeru, nikarusha kwa kurudi nyuma. Karai la kwanza likaisha katikati ya uwanja. Nikajaza tena kwa kilichobaki chini ya mfuko, nikarusha hadi mlangoni kwa Ireri. Nikapitisha reki, nikakanyaga kwa ubao, mvua ikaanguka. Njeru akanipiga bega. "Umeona? Tumeiwahi."

Nyinyi mnaojua kupepeta mmeshaona nilichofanya. Mimi nilikiona nilipopigiwa simu na Mama Njeru. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuja uone kazi yako," akakata.

Nilipoingia kwenye geti sikuhitaji kuonyeshwa. Upande wa Njeru ulikuwa kijani tupu, nyasi ndefu zinang'aa. Upande wa Ireri ulikuwa udongo mwekundu, mtupu. Na katikati, mahali karai langu lilipoishia, palikuwa na mstari. Ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Ulipita karibu kabisa na pale ua wa kayaba ulipokuwa.

Walikuwa wametoka wote. Ireri alikuwa amesimama kwenye udongo wake, mikono nyuma.

"Tuliongea nini?" alikuwa anamuuliza kaka yake. "Si tuliongea tutoe ua, tuwe boma moja? Nikatoa. Na mikono hii. Sasa ua umerudi, ni vile tu hauna miiba."

"Mimi nilishika mbegu wapi?" Njeru akasema. "Muulize huyo."

Wote wakanigeukia. Wawira, mke wa Ireri, akasogea karibu. "Kijana, nani alikuambia upande hivi? Sema tu. Hatukuchapi."

Nikafungua mdomo. "Mvua," nikasema.

"Mvua ndio ilikulipa?"

"Hapana. Mfuko... barabara..."

"Huyu amefundishwa la kusema," Ireri akasema. "Wacheni. Kesho narudisha kayaba yangu. Angalau kayaba inajulikana ni ya nani."

Nikamtazama Mama Njeru. Alikuwa amekaa mlangoni pake, pale aliponionyesha ile siku ya kwanza. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye alikuwa amelitarajia hili tangu mwanzo, na kwa muda mfupi tu alikuwa amejidanganya kwamba halitakuja. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii. Kile kitu usoni mwake ndicho ninachokiona nikifumba macho hadi leo.

"Mwacheni," alisema. "Wacheni atafute mdomo yake."

Mdomo sikuupata. Lakini mikono yangu haina haya kama mdomo wangu. "Naomba mahindi," nikasema.

"Ati ana njaa!" Wawira akashangaa.

"Na wimbi. Na chupa."

Mtoto mmoja akatumwa. Nikatia mahindi na wimbi ndani ya chupa tupu ya maji, nikachanganya kwa kijiti mpaka wote wakaona vimechanganyika. Kisha nikaishika mbele ya tumbo langu, kama vile mfuko ulivyokaa juu ya tangi, nikaanza kuruka. Nilizunguka uwanja ule nikiruka kama mwendawazimu, nikipita matuta yote ya kutoka Embu. Watoto walicheka. Mimi machozi yalikuwa karibu. Nilipowapa ile chupa, mahindi yalikuwa juu na wimbi limelala chini.

Mama Njeru aliishika, akaigeuza kwenye mwanga. "Ni kama uteo," akasema polepole. "Kubwa inapanda, ndogo inashuka."

"Ya juu ni ya haraka," nikasema. "Iko kwa Njeru. Ya chini ni ya kuchelewa. Iko kwa Ireri. Haijakufa. Inakuja."

Njeru akapiga mapaja. "Kwa hivyo shamba ya mzee imegawanywa na bodaboda!"

Akacheka peke yake. Ireri hakucheka. Alinijia mpaka nikaona vidonda vyake vya miiba vilivyoanza kupona.

"Ulijua inaweza kujitenga?"

"Nilijua."

"Mbona hukuchanganya tena?"

Ningeweza kumwambia ni kaka yake aliyenizuia. Ilikuwa kweli. Lakini niliona hiyo kweli itafanya nini katikati ya hao wawili, na pia haikuwa kweli yote. Njeru hakunishika mikono.

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini?"

Nikatazama chini, kwenye mstari wangu.

Halafu Njeru, ambaye alikuwa bado na kicheko mdomoni, akakimeza. "Ireri," alisema. "Ni mimi. Alikuwa ametandika gunia achanganye. Nikamwambia ni uji anapika. Nikamharakisha na mvua."

Mama yao akasema hajawahi kumsikia Njeru akisema "ni mimi" tangu azaliwe. Wawira akaguna, lile guno la kuficha kicheko. Ireri hakusema amesamehe. Alisema tu, "Leta reki mbili."

Tulikwaruza pande zote. Nilikuwa nimebeba mbegu za kuzibia mapengo, kila aina kwa mfuko wake. Kwa Ireri tukaongeza rai, kwa Njeru tukaongeza kikuyu, na safari hii nilimwaga kila fungu juu ya gunia, nikakoroga na mchanga, watu wakinitazama, na masikio yangu yakiwaka. Nilimwambia Mama Njeru kwamba haitakuwa sawa mapema, maombi yake yatafika kabla ya nyasi.

"Nimengoja hawa wawili mpaka nikazeeka," akasema. "Nitashindwa kungoja nyasi?"

Pesa yangu sikuichukua, ingawa alinifuata nayo mpaka kwa geti. Mama Kinya naye hakunigombeza. Nilipomweleza, alikwenda akaniletea gunia jipya, safi, akasema hilo ni la kuchanganyia tu, lisiwekwe kitu kingine. Ndilo lile lililotundikwa nyuma ya mlango pale kitaluni. Sasa mnajua kwa nini limetundikwa.

Niliitwa Manyatta tena baada ya mvua za Aprili, siku ya maombi. Rai ilikuwa imechoka na kiangazi, na ile ya kuchelewa, iliyokuwa upande wa Ireri, ilikuwa imetambaa ikavuka ikaingia kwa Njeru, haikuuliza mtu. Watu wa kanisa walikuwa wamekaa kila mahali na vikombe vya chai. Njeru na Ireri walikuwa wanabishana, nikashtuka, lakini haukuwa ule ubishi wa zamani.

"Mstari ulikuwa hapa kwa mparachichi," Njeru alikuwa anasema.

"Wewe umesahau. Ulikuwa huku kwa mfereji."

"Muulizeni mwenye kazi! Fundi, mstari ulikuwa wapi?"

Wote wakanitazama. Nikatazama nyasi. Jua la jioni lilikuwa linakuja kwa upande, na mtu aliyezoea nyasi jua likilala hivyo huona kila kitu. Rai iliyobaki ilikuwa inang'aa zaidi kidogo kuliko nyingine. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa hafifu, lakini ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na haukupita kwa mparachichi wala kwa mfereji.

"Nimesahau," nikasema.

"Fundi gani huyu!" Njeru akapiga kelele, watu wakacheka, nami nikakubali kuchekwa.

Mama Njeru alikuwa akinitazama kutoka mlangoni pake. Akainuka, akabeba kigoda chake, akateremka polepole katikati ya watu. Hakutazama mparachichi, hakutazama mfereji. Alikwenda moja kwa moja mpaka juu ya ule mstari, akaweka kigoda, akakaa, akatandaza rinda lake huku na huku.

"Leteni chakula hapa," akasema. "Kila mtu aje akae hapa karibu na mimi."